Wimbo wa Harusi wa Kupeleka Skuli

Tulikuwa wanawake watatu kwa fundi wa nguo hapa Amu, tukingoja buibui zetu, akaingia msichana wa gredi ya nane, uso umemshuka. Kesho ana mtihani wa muziki: aimbe wimbo wa harusi wa kwao, naye hajui hata mmoja.

"Umefika penyewe," nikamwambia, nikamtolea mmoja wa vugo, tuliokuwa tukiuimba mtaa kwa mtaa huku tukigonga pembe.

Kufika ubeti wa pili, Bi aliye kando yangu akavua miwani. "Huo mliniimbia mimi! Ndiani, mbele ya wakwe zangu!"

Wa tatu akajitia kusuluhisha, akaimba wake. Nikaujua. Ndani yake nimo mimi na pilau yangu iliyoungua.

Msichana akaacha kuandika. "Bibi, mwalimu ametaka wimbo wa furaha."

"Mbona tulikuwa na furaha!" nikamjibu. "Aliyelia ni mmoja tu."

Msichana akachukua sauti ya wimbo, maneno akajitungia, ya asmini na asali. Nasikia amepasi, na mwalimu amesifu upole wa mila zetu. Maneno yenyewe tumebaki nayo. Kuna harusi Ijumaa.