Vidonge vya Kulinda Ubongo

Mdogo wangu anayenifuata aliweka kinga kichwani mwake kabla ya kila glasi. Ilikuwa chupa ya vidonge yenye picha ya ubongo unaong'aa kama taa ya pikipiki. Aliinunua mjini Kisii kwa kijana aliyevaa koti jeupe la daktari, ingawa duka lake liliuza pia sabuni na chaja za simu. Mafuta ya samaki, vitamini, na unga wa majani ya ng'ambo. Meza kabla ya kunywa, aliambiwa, na pombe itapita kichwani kama mgeni asiyebisha hodi.

Mimi niliacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki. Nilibaki na wadogo wawili, ng'ombe mmoja, na chai ya kuchuma huku Itumbe. Maziwa na chai vilimsomesha huyu hadi akapata kazi ya ofisi, na elimu yote hiyo ikaishia kuamini picha ya chupa. Nilipomuuliza, alinitazama kwa huruma.

"Dada, hii ni sayansi. Wewe unadhani kila kitu kinatibiwa na chinsaga."

Nikamjibu kwamba chinsaga ni mboga chungu, lakini haijawahi kumdanganya mlevi kuwa ana akili.

Kilabuni walimwita Daktari. Aliwagawia wenzake vidonge kama mzee wa kanisa anayegawa mkate, kisha wote wakanywa kuliko zamani, maana sasa walikuwa na bima. Kabla ya vidonge, ulimi ukiwa mzito alirudi nyumbani. Baada ya vidonge hakuona sababu ya kurudi.

Nilimuuliza muuguzi wa zahanati. Akasema ni kweli walevi hupungukiwa vitamini, na hospitali huwapa, lakini haiwasaidii sana wasipoiweka glasi chini. Kidonge cha kukaa langoni mwa kichwa na kuizuia pombe isiingie, yeye hakijui. Nilimpelekea mdogo wangu maneno hayo. Akasema wauguzi husoma vitabu vya zamani. Jioni hiyo alitusimulia kisa kimoja mara mbili katika mlo mmoja, na mara ya pili alikicheka zaidi.

Kisha kitinda mimba wetu akapata mchumba kule Nyamache. Kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajaletwa, wanaume wa upande wa binti huenda kwa wakwe kuwatazama na kukubaliana mmoja mmoja: rangi, pembe, umri. Siku ya kuletwa lazima waje walewale. Kuna wakwe watakaokuonyesha mtamba, kisha wakuletee nyanya yake. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukumbuka.

Wanawake hatutumwi. Baba mdogo, ambaye macho yake yamefifia, alisema mdogo wangu ndiye atakuwa macho ya ukoo. Kitinda mimba aliomba jambo moja tu: awepo mtamba mwenye mimba, abaki hapa kwangu, kwa kuwa ng'ombe wetu amezeeka na maziwa yanakatika. Nilimsihi kaka yake awapige picha kwa simu. Akagonga paji la uso.

"Picha ziko huku, dada. Zimelindwa."

Alirudi kutoka Nyamache amechangamka, chupa ya vidonge ikiwa nyepesi. Wakwe walikuwa wakarimu, alisema, na mtamba alikuwa mzuri. Rangi yake? Mzuri, akasema tena.

Siku ilipofika, wakwe waliwaswaga ng'ombe hadi uani kwetu. Nyuma yao alikuja mmoja mwenye mbavu za kuhesabika na pembe zilizochakaa. Nilimnong'oneza baba mdogo kwamba huyo si mtamba. Alipouliza, mzee wa upande wao alitabasamu.

"Ndiye tuliyekubaliana. Muulize kijana wako."

Mdogo wangu akasogea. Alikuwa amevaa suti, amenyoa vizuri, na mdomo ulinuka kinga na kile alichojikinga nacho. Akamtazama yule mkongwe kwa muda. "Ndiye," akasema.

Baba mdogo hakutosheka. Akamwambia aonyeshe wote aliowaona Nyamache, mmoja mmoja. Akatembea kati yao akigusa migongo: huyu, huyu, na huyu. Akafika kwenye ua, alipokuwa amefungwa ng'ombe wetu, yule aliyemnywesha maziwa tangu utotoni, akaweka mkono mgongoni mwake.

"Na huyu pia."

Wakwe walicheka hadi wakashikana mabega. Baba mdogo alikaa chini. Baada ya hapo, nani angewabishia kuhusu yule mkongwe, wakati shahidi wetu hamjui hata ng'ombe wa nyumbani? Tulimpokea. Kitinda mimba alikuwa ametazama yote dirishani, na aliondoka akiwa amevaa gauni zuri bila kumuaga kaka yake.

Kesho yake Daktari alisema dozi ilikuwa ndogo, anunue ile chupa kubwa. Nilimwaga vidonge vilivyobaki kwenye shimo la choo. Sikuwapa kuku, kuku wangu wana akili.

Sasa kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, namkabidhi ndoo amkamue mwenyewe yule ng'ombe wetu. Maziwa ni kikombe kimoja, na mimi husimama pale hadi amalize. Ng'ombe humgeukia akisikia hatua zake. Anamtambua. Namngoja yeye naye amtambue.