Utani wangu ulivyomwondolea wateja mama wa togwa, Kibondo

Wakuu, habari za mahangaiko.

Hili lilitokea kwa mdomo wangu mwenyewe. Sijatia chumvi. Ningetia, ningejipendelea kidogo.

Mwaka 2013 mradi mmoja wa maji ulinipeleka Kibondo, kazi yangu ikiwa kuhoji wananchi vijijini. Nina digrii ya sosholojia. Chuoni niliandika kurasa ishirini kuhusu madhara ya kuwabandika watu majina, nikapata A. Sasa mtaona A yenyewe ilivyonisaidia.

Jirani na ofisi yetu palikuwa na duka la Bwana Shabani. Babu yake alitoka Tanga, na yeye mpaka leo anaongea kama aliyeshuka jana.

Kwenye baraza la duka hilo Mama Jenerosa aliuza togwa ya mtama. Wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi, yeye akazaliwa hapa hapa, raia kama mimi. Mjane mwenye watoto watatu. Togwa ndiyo iliyowalisha na kuwaweka shule.

Alikuwa na tabia moja iliyonivutia. Kabla ya kukupa kikombe chako, alijimiminia kidogo kutoka dumu lile lile, akanywa huku unamwona. Ndipo akakupa chako. Kila mteja, kila siku.

Ningeweza kumuuliza sababu. Kuuliza ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa kuifanya.

Asubuhi moja alikuwa ameenda kuosha vikombe, baraza limejaa, nami nikajisikia mcheshi.

"Mnajua kwa nini yule mama anaonja?" nikasema. "Anapima kama dawa imekolea."

Watu wakacheka. Shabani akadakia, "Warundi hao, mtaalamu. Umechelewa kujua."

Nami nikacheka. Mwanaume wa umri wangu, mgeni mjini, akichekesha baraza zima anaona ameshakuwa mwenyeji.

Zikapita kama wiki tatu. Tukiwa njiani kwenda Kasulu, dereva wetu, kijana wa Kiha, akaniuliza, "Bosi, bado unakunywa kwa Mama Kipimo?"

"Mama Kipimo ni nani?"

"Yule Mrundi wa togwa. Kuna mtaalamu alitoka Dar, akachunguza, akagundua anapima dawa."

Nikamuuliza huyo mtaalamu anaitwa nani. Akasema hamjui, ila amesikia ana digrii.



Siku hiyo hiyo, kijiji kimoja nje ya Kasulu, mzee tuliyekwenda kumhoji alitukaribisha pombe ya ndizi. Mkewe akaleta kibuyu. Mzee akapiga funda moja la kwanza yeye, akafuta mdomo, akanipa mimi.

Tukiwa tunarudi nikamuuliza dereva, "Na yule mzee alikuwa anapima?"

"Hapana, bosi. Ile ni heshima. Mgeni hapewi kitu ambacho mwenyeji hajakinywa. Hata kwetu mama anafanya hivyo."

"Na Mama Jenerosa?"

Akabadilisha gia. Halafu akasema, "Yule ni Mrundi."

Hapa ndipo akili yangu ilipokwama, na haijakwamuka vizuri hadi leo. Hakuna mtu pale barazani asiyeijua desturi ile. Wamelelewa nayo. Asubuhi mtu ameonjewa na mama yake mzazi, anafika barazani kitendo kile kile anakiona ni uchawi. Macho ni yale yale, kilichoongezeka ni jina tu.

Tuliporudi Kibondo nikakuta dumu la Mama Jenerosa limejaa, saa tano asubuhi. Shabani alikuwa amemwambia mwezi ukiisha atafute mahali pengine, maana watu wanaogopa hata kuingia dukani.

Nikamfuata, nikamwambia jina lilianzia kwangu.

Alinitazama. "Ni wewe, baba?"

"Ni mimi."

"Na mimi nilikuwa naonja ili usiogope." Akafunika dumu. "Basi kawaambie wewe. Mimi nikisema, nitaonekana najitetea."

Kesho yake nikasimama barazani. Nikasema mtaalamu wa Dar ni mimi, sikuchunguza chochote, ulikuwa utani wa kijinga. Nikaeleza na ile heshima, kana kwamba wao ndio wageni. Kisha nikanywa vikombe viwili mfululizo mbele yao.

Halafu mzee mmoja aliyekaa kwenye kreti akasema taratibu, "Mnaona? Amekunywa mpaka ameshikwa. Hata msomi."

Walicheka kuliko siku ile ya kwanza. Shabani akanishika bega, akaniambia kwa upole, "Nenda kapumzike, mtaalamu."

Mwezi ulipoisha Mama Jenerosa alifungasha, akahamia Kakonko na wanawe.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Kakonko kikazi, nikamkuta sokoni. Wateja walikuwepo. Alinisalimia vizuri kuliko nilivyostahili, akamimina kikombe, akanipa moja kwa moja.

Nikabaki nimekishika. "Leo hujaonja."

"Huku nimeacha, baba. Kunywa tu."

"Na unajisikiaje?"

Akafikiri. "Kila nikimpa mtu hivi naona kama namtukana. Lakini wanarudi."

Nikanywa. Ilikuwa togwa nzuri.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenichukua muda. Kumpa mtu jina baya kunahitaji sentensi moja na watu wa kucheka. Kulifuta nilijaribu kwa elimu, kwa ushahidi na kwa tumbo langu mwenyewe, na vyote vikageuzwa kuwa uthibitisho.

Nakaribisha maoni, na matusi pia nitayapokea. Aliyewahi kubandikwa jina likamng'ang'ania atusimulie. Aliyefanikiwa kulibandua, huyo ndiye namhitaji zaidi, atueleze alifanyaje.

Na kama kuna mtu wa Kibondo humu, nina ombi. Ukisikia bado wanamtaja Mama Kipimo, waambie jina lake ni Jenerosa.