Siku Mashine Yangu Ilipolia Saa ya Chakula

Niseme mapema kwamba katika mkasa huu mimi si shujaa, na kama kuna msomaji aliyekuwa barabarani kule Rohero, katikati ya mji wetu, siku ile, anayemkumbuka mtu mwembamba mwenye shati la mistari aliyebebeshwa boksi mbele ya umati kama mwizi wa kuku, basi ndiye mimi, na mpaka leo nikipita pale naangalia upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa fundi wa kompyuta, fundi pekee, katika ofisi moja ya kupokea mizigo. Tulikuwa na mashine kubwa ya zamani iliyotunza orodha ya mizigo yote, na makarani waliwasiliana nayo kwa viskrini vya maandishi ya kijani, ambavyo vilikuwa vinakufa kimoja kimoja na hakuna aliyeleta vipya. Nikamwahidi shefu, mkuu wetu wa ofisi, kwamba kwenye kompyuta za kawaida nitaweka programu inayojifanya skrini ile ya zamani, ambayo mafundi tunaiita emuleta ya terminali. Rafiki yangu wa Nairobi alinitumia msimbo chanzo wake katika disketi nne, yaani yale maandishi ya watengenezaji ambayo lazima mashine iyageuze kwanza ndipo yawe programu. Baada ya hapo ningeifungasha yote katika faili moja, nikaizungushe kwa makarani wanane.

Kazi hiyo, kwa mashine yangu kuukuu, ilikuwa ya masaa matatu, na mara mbili ilikatika katikati. Mara ya kwanza umeme ulikwenda. Mara ya pili Godeliva, sekretari wetu, alichomoa waya wangu ili achaji simu yake ("Niliona inaandika yenyewe, nikajua haina kazi," aliniambia, wala hakutania). Kwa hiyo Ijumaa ile nilijipanga, na kujipanga ndiko kulikoniponza. Niliunganisha mashine na betri ya gari, nikaifunika kwa boksi la katoni nililotoboa matundu ya hewa, na juu yake nikaandika kwa Kifaransa, kwa wino mwekundu, kwamba ni marufuku kugusa. Kisha nikaiandikia amri fupi: ukimaliza salama, lia mara moja, ukikwama popote, lia mara mbili mbili bila kuacha mpaka mtu abonyeze kitufe. Na kwa kuwa sauti yake ya ndani ilikuwa ya panya, nikaiongezea spika ya redio. Nikafunga mlango, nikatia funguo mfukoni, nikaenda kwangu Cibitoke kula (kwetu ofisi hufungwa mchana, kila mtu anakula nyumbani na kurudi saa nane na nusu), nikiwa na hakika kwamba nitarudi kabla haijamaliza.

Niliporudi, barabara ilikuwa imejaa watu waliosimama mbali na ukuta, na askari sita walikuwa wameinama nyuma ya gari lao.

"Kuna nini?" nikamwuliza mama mmoja.

"Bomu. Iko inalia mu ile nyumba."

Ile nyumba ilikuwa ofisi yetu. Miaka ile gruneti, yale mabomu ya mkono, ziliweza kurushwa hata baa, kwa hiyo sikuuliza zaidi. Niligeuka nikakimbia na wengine, tena niliwapita. Tulipofika kona mtu mmoja akasimulia kwamba askari amechungulia dirishani, ameona boksi, nyaya nyekundu na nyeusi, betri, na kijitaa kinachowaka, na kwamba juu ya boksi waliolitega wameandika vitisho. Watu wakanyamaza. Na katika ule ukimya nikaisikia: pii-pii. Kimya kidogo. Pii-pii.

Nikaijua kama mtu anavyojua kilio cha mtoto wake.

Mtadhani nilipumua. Sivyo. Siku zile mtu aliyekutwa na nyaya hakuulizwa zinafanya kazi gani, alipakiwa tu, na wengine hatukuwaona tena. Nikajiona chini ya jua lile nikiwaeleza askari msimbo chanzo ni nini, na wao wakitazamana. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikazishika ili zisigongane.

Ndipo nilipomwona, hatua chache kutoka pale konani, Salvatori, zamu wetu, mzee aliyelinda geti, ambaye peke yake hakwenda kula. Alikuwa amekaa kwenye lami, mikono kichwani, kofia yake imeangukia mtaroni. Mkubwa wa askari alisimama juu yake.

"Nani aliingia humu saa ya chakula?"

"Mutu hakuingia, afande."

"Mutu hakuingia, bomu imeingia. Iliruka ukuta na miguu yake?"

Watu wawili wakacheka, kicheko kile cha woga.

"We mzee unakaa wapi?"

"Kamenge."

"Kamenge," askari akarudia polepole, akamwangalia mwenzake. (Mtaa ule ulihesabiwa kuwa wa waasi, na jina lake tu lilitosha kuwa kosa.) "Na funguo ya kile chumba iko na nani?"

Godeliva, aliyekuwa mbele yangu katika umati na amenipa mgongo, akajibu. "Iko na Dewo, fundi wetu. Alienda kula, hajarudi."

Nilipiga hatua moja nyuma. Nikapiga ya pili. Nilishaanza kupanga kwamba nitapita nyuma ya duka la vitambaa, nifike stendi, nikae nyumbani mpaka Jumatatu, na wakati napanga hivyo Salvatori aliinua kichwa akaniona. Macho yetu yalikutana kabisa.

"Huyo Dewo amerudi?" askari akamwuliza.

Mzee akaangalia lami. "Apana, afande. Bado sijamuona."

"Basi we ndiye unajua. Mupandisheni mu gari."

Wawili wakamwinua kwa makwapa. Hapo nikasema, "Ni mimi," lakini nilisema kama mwanafunzi anayeitika jina lake darasani, hakuna aliyesikia, ikabidi niseme tena nimeinua funguo juu. Umati ulinikimbia pande zote, nikabaki katikati peke yangu.

Waliniongoza na bunduki mgongoni. Tundu la kitasa nililikosa mara tatu. "Fungua, sha," askari akasema, na yeye alikuwa amejibanza nyuma yangu. Niliinua boksi, nikabonyeza kitufe, sauti ikakatika. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja tu: programu ilikuwa imejengwa vizuri, ila ufungashaji ulikwama kwa sababu folda ambamo niliiamuru mashine iweke ile faili haikuwepo. Nilisahau kuiunda.

Mkubwa wao akaniamuru nibebe boksi mpaka barabarani, na askari mwingine alete betri, niwaeleze watu.

"Inafanya nini, hii kitu ilikuwa inalia?"

"Inaigiza skrini ya zamani, afande."

"Na skrini ya zamani iko wapi?"

"Iko ndani, juu ya meza ya karani."

"Inafanya kazi?"

"Ile moja... ndiyo."

"Sasa si mungetumia ile?"

Barabara nzima ikacheka. Shefu wangu naye alikuwepo. Yeye hakucheka, alifuta miwani yake na kuingia ndani. Nilisimama pale nimekumbatia katoni mpaka askari alipochoka na mimi.

Baadaye nilimkuta Salvatori akipangusa kofia yake gotini. Nilitaka kuomba msamaha, nikajikuta nauliza kwa nini alisema hajaniona.

"Nilikuona unarudi nyuma," akasema. "Nikajua unaogopa. Mi nilikuwa nimeshakaa chini. Ungekuja, tungekaa wawili, ingesaidia nini?"

Akaivaa kofia, akaenda kufungua geti, maana makarani walikuwa wanarudi kazini.

Tangu siku ile nikijenga programu nakaa nayo mpaka mstari wa mwisho, hata nikose chakula, na hiyo ndiyo nadhiri ninayowasimulia mafundi wenzangu tukicheka. Nyingine siwaambii. Ni kwamba jina langu likiulizwa, na kuna mtu amekaa chini kwa ajili yangu, nitaitika mara ya kwanza, kwa sauti inayosikika.