Jini wa Nyumba ya Nuzha

Mabosi wangu wanaishi Riyadh, lakini wana nyumba nyingine Jeddah, mtaa wa Nuzha, ambayo hufungwa karibu mwaka mzima. Kabla hawajaenda huko kupumzika, tunatangulizwa sisi wawili: mimi na mpishi, mama wa Kibengali ninayemwita Apa, yaani dada kwa lugha yao. Tunavua mashuka yaliyofunika viti, tunapiga deki, tunafukiza ubani mpaka nyumba iache kunuka ukiwa. Sijawahi kuipenda kazi hiyo. Nyumba isiyo na watu hunikosesha raha.

Safari moja Apa alikuja na sinema kwenye simu, ya zamani ya kwao, isiyo na rangi. Tuliianza tukila chakula cha mchana. Jumba kubwa bovu, milango inajifungua yenyewe, mwanamke asiyeonyesha uso anapita na taa. Kibengali sijui hata salamu, basi Apa alinitafsiria kwa Kiarabu chetu cha jikoni.

"Huyu mafi mtu," alisema, yaani si mtu, akimwonyesha yule mwanamke. "Huyu jini."

Katika jumba lile viti vilifunikwa mashuka kama vyetu. Nikajikuta nimepandisha miguu kitini.

Hapo tukasikia maji yakishuka kwenye bomba la ukutani. Sisi sote tulikuwa ghorofa ya chini. Apa alizima simu, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Mimi nikashika rozari, ambayo madam hajui kama ninayo. Lakini woga ukinizidi huwa nakuwa mkali. Nilichukua fagio nikapanda, Apa nyuma yangu amenishika gauni.

Katika chumba cha mtumishi, karibu na paa, mwanamke alikuwa akifua blauzi kwenye ndoo. Nilimtambua mara moja. Alikuwa Mkenya mwenzangu, na msimu uliopita tulifungua nyumba hiihii pamoja. Madam alituambia amemrudisha Kenya.

"Usipige nduru, please," alisema. "Madam alinipeleka kwa sister yake hapa Jeddah. Huko nilikuwa napigwa, nikatoroka. Passport wako nayo. Nilijua key ya nyuma iko chini ya mtungi wa gesi. Sikujua mtakuja mapema hivi."

"Na madam akikupata?" nikafoka. "Anakuja kesho! Atakukabidhi polisi, na sisi atasema tulikuficha!"

Nilimkasirikia kweli, na nilimhurumia, yote kwa pamoja. Apa alishuka, akarudi na sahani ya wali.

Yule mwenzangu alikuwa na marafiki mtaa wa Karantina ambao wangempokea, ila mlinzi wa jirani hukaa getini kutwa. Tukangoja adhana ya alasiri. Mlinzi alipokwenda msikitini, tulimtoa amevaa abaya na nikabu ya Apa, amebeba mfuko wa takataka. Nani humtazama mtumishi anayekwenda kutupa taka? Alikata kona bila kugeuka.

Kesho yake madam alifika, akapanda kukagua. Akatuita kwa sauti ya juu. Ndoo ilikuwa bado na maji, na dirishani kulikuwa na kitana cha mwenzangu nilichosahau kukiondoa.

"Nani amelala humu?"

Apa akatazama sakafu, akasema taratibu, "Madam, mafi mtu. Tulisikia maji tukiwa chini. Tukapanda, hakuna mtu."

Madam akarudi nyuma mpaka mlangoni. Siku hiyohiyo shehe aliitwa kusoma, chumba kikafungwa, na habari ya kitana ikawa halas, imekwisha.

Sinema tuliimalizia Riyadh. Yule mwenye taa alikuwa mtu, mzima kabisa, amejificha mle wasimpate ndugu wa mumewe. Nikamgeukia Apa.

"Ulijua?"

"Nimeiona tangu mtoto."

"Basi mbona uliniambia ni jini?"

"Jini watu wanamkimbia," alisema. "Mtu wanamtafuta."

Aliyekwenda Karantina sijamsikia tena. Namba yake haipatikani. Hata huku Riyadh, bomba likilia ukutani naacha ninachofanya nasikiliza. Na kila tunapofunga nyumba ya Nuzha, madam huniagiza niutoe ule ufunguo wa nyuma, nami hujibu ndiyo madam. Kisha nauangalia kama haujashika kutu, na kuurudisha chini ya mtungi wa gesi.