Macho Aliyoyachora Sumie

Tokuji Iwakura alipaka rangi mazimwi ya vinili, vile vinyago vya plastiki vya kuchezea, kwa miaka arobaini na moja hapa mtaani kwetu Katsushika, na sikuwahi kusikia kwamba kaharibu hata moja. Yeye alipuliza rangi ya miili. Mkewe, Sumie, alichora macho. Sumie alipofariki mwezi wa sita, kazi yake ya mwisho ilikuwa zimwi moja lenye mwili wa kambare na pembe mbili. Tokuji aliliweka rafuni, juu ya meza ya kazi.

Mwezi wa kumi na moja mteja akaagiza mazimwi thelathini ya umbo lile lile, yote meusi tititi. Tokuji ana mtoto wa jicho na hataki kusikia habari za upasuaji. Alipuliza, akayaacha yakauke. Kesho yake asubuhi akayahesabu. Thelathini na moja, na rafuni hapakuwa na kitu.

Saluni yangu ya kucha imepakana na karakana yake. Nilisikia kiti kikianguka, nikakimbilia huko. Alikuwa amepiga magoti, zimwi jeusi mikononi.

"Haruyo, nimemfunika," alisema. "Nimemfunika mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Nikarudi mbio kuchukua dawa ya kufutia rangi ya kucha. "Hii inatoa kila kitu, kaka."

"Kila kitu ndiyo shida yenyewe."

Lakini alikuwa amefika mahali ambapo hata sumu angeijaribu. Kilichomwokoa ni mazoea ya kazi: alianzia chini ya unyayo, tone moja tu. Vinili ikalainika, ikanata kidoleni kama ubani uliotafunwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mchana akaja binti yake, Chisato, na chupa ya spiriti.

"Nipe mimi, baba. Wewe huoni."

"Mikono yangu inaona."

"Mikono yako ndiyo iliyolipuliza!"

Chisato akaziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka.

Tokuji akafungua dirisha, akavaa glavu, akachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akakikamua. Rangi ile nyeusi ilikuwa ya maji. Ya Sumie ilikuwa ya vinili, iliyoshikana na plastiki yenyewe. Spiriti ingeweza kung'oa ya juu na kuiacha ya chini, mradi isikawie. Ilibidi aguse, azungushe, afute kwa kitambaa cha maji ya sabuni, asubiri ikauke, achukue pamba mpya. Siku tatu alifanya hivyo. Tumbo, mgongo, pembe. Nilimpelekea wali na figili za kuchachusha. Vilirudi nusu, au vilirudi vyote.

Siku ya tatu jicho la kulia likatokeza: duara la dhahabu, na ndani yake mstari mwekundu mwembamba kama unywele, ule ambao Sumie aliuchora akiwa amebana pumzi. Tokuji akalia kwa sauti, bila haya.

"Huyo hapo! Chisato, mama yako huyo hapo!"

"Pumzika sasa, baba. La kushoto kesho."

"Kesho? Na nikifa leo?"

Safari hii hakusubiri ikauke. Alisugua. Pamba ikatoka nyeusi, ikatoka kijivu, kisha ikatoka ya dhahabu. Niliiona kabla yake.

"Baba, acha! Acha!" Chisato akamdaka mkono.

Tokuji akakisogeza kijiti mpaka puani ndipo akaiona rangi ile.

"Limebaki hata kidogo?"

"Hapana, baba."

Baadaye Chisato alisema angeweza kulichora upya; mama yake alimfundisha.

"Litakuwa zuri," Tokuji akamjibu, "lakini litakuwa lako."

Sehemu ile ikabaki tupu. Mazimwi thelathini ya mteja alikwenda Chisato kuyakabidhi, na wiki iliyofuata akalihamishia kwake bomba la kupulizia rangi. Baba yake hakuuliza limekwenda wapi. Mimi asubuhi humpelekea chai pale anapokaa dirishani, naye huniuliza kama nje kunanyesha.