Kizungu cha Kuagiza Kahawa

Ndeti, fundi wa baiskeli wa Masii, hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida, lakini wiki ile ya Agosti mwaka 2003 alipita kiasi. Alikuwa akifungua gurudumu la mteja, analiacha chini, anakwenda kuchungulia barabarani, anarudi, na hakumbuki spana ameiweka wapi. Kisa chenyewe kilikuwa kahawa.

Kanini, binti yake wa pekee, alikuwa amepata mchumba, Josphat. Baba yake Josphat, Mzee Barasa, mstaafu wa ofisi kubwa aliyeishi Mavoko, alitaka wazazi waonane kabla ya mambo ya posa. Wasionane nyumbani, bali mkahawani, Machakos mjini. Kanini alitoka chuo cha uuguzi akaja kumweleza baba yake, akamalizia hivi: "Usijali, baba. Tukifika pale mimi nitakuitishia kahawa." Alisema kwa upendo. Ndeti akasikia jingine kabisa, kwamba mtoto anamwonea haya kwa kuwa hajui Kizungu. Mkewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kumtoa wazo hilo kichwani.

Akamwendea Swabra, mke wa Ramzi mwenye duka la nguo mkabala na kibanda chake. Kabla ya kuolewa, Swabra alikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini.

"Swabra, nifunze kuitisha kahawa na Kizungu. Niko na wageni wa maana."

"Kwani Mzee Ndeti wewe hunywa kahawa?"

"Sijawahi. Naionanga tu kwa mashamba ya watu. Lakini hii nitakunywa, hata ikiwa chungu namna gani."

Swabra alicheka mpaka akajishikilia mlangoni, kisha akafundisha kwa bidii. Usiseme "I want," utasikika kama askari, sema "May I have." Ya maziwa ni "white coffee," ya rangi ni "black." Na mambo yakikushinda kabisa, tabasamu useme "Of course," yaani bila shaka. Ndeti aliyaimba maneno hayo akiziba pancha, akayaimba akioga, hata wateja wakadhani anaziombea baiskeli zao.

Siku yenyewe wakaketi wanne, Ndeti na Kanini upande mmoja, Barasa na Josphat upande wa pili. Mhudumu akaja. Kanini alifungua mdomo amsaidie baba yake, lakini mzee akamtangulia.

"Good morning. May I have one white coffee, please."

Laini kabisa! Mhudumu akaandika, akaenda zake. Kanini akamgeukia baba yake macho yakimng'aa, na moyo wa Ndeti ukajaa furaha. Mambo yangeishia hapo, ningekuwa na hadithi tamu ya kuwasimulia.

Lakini Mzee Barasa, ambaye mpaka hapo alikuwa akimsemesha Kiswahili cha kumhurumia, alifurahi kumpata msomi mwenzake. Akahamia Kizungu, na hakutoka tena. Kahawa ikaletwa, akaendelea. Ndeti alishika kikombe kwa mikono miwili. Alinasa "wife," akanasa "home," akanasa jina la Kanini. Kisha Barasa akamtazama, akingoja. Ilikuwa wazi ameuliza kitu.

"Of course," Ndeti akasema, akitabasamu.

Kanini akaacha kunywa. Machozi yakamlengalenga. Barasa alinyoosha mkono, Ndeti akaupokea, na papo hapo akajua ameharibu, ila hakujua ameharibu nini. Angeweza kunyamaza. Wangeagana vizuri, na mpaka leo huko Mavoko angehesabiwa msomi. Badala yake akauchomoa mkono wake.

"Mzee, nisamehe. Kizungu yangu ni ya kuitisha kahawa peke yake, nilifunzwa na jirani. Hayo mengine sijaskia hata moja. Kanini, huyu mzee amesema nini?"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Masikio ya Ndeti yaliwaka kwa aibu, lakini hakuyatoa macho kwa bintiye.

"Amesema nikiolewa niache college," Kanini akasema, akijifuta kwa kiganja. "Niende kwao Bungoma nichunge mama yake Josphat, ni mgonjwa. Masomo tutaona baadaye. Nilikuwa nimeambia Josphat wewe huwezi kubali. Na umekubali, baba."

"Sijakubali." Akamgeukia Barasa. "Mzee, pole sana kwa ugonjwa wa mama. Lakini huyu mtoto amebakisha mwaka mmoja, na atamaliza. Kama hamalizi, hakuna harusi."

Barasa akaguna, akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi sioi. Muulizeni kijana."

Wote wakamgeukia Josphat. Josphat akakoroga kahawa yake. Kanini alimngoja. Alimngoja mpaka mhudumu akaja kuondoa vikombe vya wengine, na Josphat bado anakoroga.

"Baba," Kanini akasema, akikisukuma kiti chake nyuma, "twende Masii."