Pa Kugeuzia Gari

Wanaomkumbuka Epifania wa Busunzu humkumbuka kwa ulimi. Aliwahi kumnyamazisha karani wa kijiji mbele ya mkutano, na mwenye duka aliyempunguzia chumvi alihama njia kila alipomwona. Lakini duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyestahili kuonja makali yote ya ulimi ule, na huyo ndiye aliyekatazwa kumsemesha, kwa kuwa alikuwa mkwewe. Kwa desturi za kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawaitani, hawali chungu kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, mwingine anajifunika kanga. Wazee waliita hiyo heshima. Epifania aliiona kuwa ni kuzibwa mdomo, na aliamini kabisa kwamba Leonidasi alimwoa binti yake Niyonsaba kwa ajili hiyo tu.

Uadui wao ulianza kabla ya ndoa. Mwaka wa sabini na mbili, watu walipotolewa mashambani kwao na kupelekwa kwenye vijiji vya pamoja kando ya barabara, Epifania alikuwa akiishi bondeni, jirani na maporomoko ya mto Karuruma. Mumewe Tharsisi alikuwa amezikwa uani mwezi ule ule. Udongo wa kaburi ulikuwa haujashika, na juu yake alikuwa amepanga mawe aliyoyabeba mwenyewe kutoka mtoni. Malori yakaja. Watu wakapakiwa pamoja na mbuzi na vyungu vyao, na lori la kwanza lilipogeuza, gurudumu la nyuma likapanda juu ya Tharsisi. Epifania aliona yote kutoka juu ya lori hilo hilo. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini dereva, kijana mwenye kofia ya kitambaa, hakugeuka.

Miaka michache baadaye kijana yule yule akaleta washenga. Epifania akakataa katakata. Kaka za marehemu wakakubali, wakanywa pombe ya ndizi, wakasema dereva ni mume wa maana, ana mshahara.

"Huyo ndiye aliyemkanyaga ndugu yenu," Epifania akawaambia.

Wakamjibu kwamba ilikuwa jioni, nyasi ndefu, kijana wa watu hakuona. Neno hilo lilimkaa Epifania kooni kama mfupa wa samaki, kwa sababu hakuwa na la kulipinga. Huenda kweli hakuona. Huenda hakusikia. Tangu siku ya harusi hakumtaja mkwewe kwa jina, wala hakumwambia binti yake "mumeo" hata siku moja. Alisema "dereva", basi.

Sasa ikafika mwaka wa sabini na saba. Leonidasi alikuwa ameajiriwa na Mzungu aliyechimba visima vijijini kuzunguka Kasulu. Watu walimwita Bwana Visima, na mkewe wakamwita Mama Visima. Walikuwa na kombi ya ajabu, ndani ina kitanda cha kukunja, jiko la gesi na pazia la maua. Likizo yao ilipofika mwezi wa kumi, hawakutaka kwenda kwao. Walitaka kulala ndani ya gari kwenye maporomoko ya maji, kisha waendelee mpaka pori la wanyama upande wa Moyowosi. Watu wenye nyumba ya bati na vitanda vya chuma wakatafute pa kulala porini! Kasulu nzima ilicheka.

Bwana Visima akauliza njia ya Karuruma.

"Sipajui, bwana," Leonidasi akajibu upesi.

Niyonsaba, aliyekuwa akiwapikia, akaropoka, "Mama yangu alikaa kule. Njia anaijua." Akajuta kabla hajafunga mdomo.

Ndivyo walivyomfuata Epifania kijijini kwake. Kabla hajapanda gari alimvuta binti yake nyuma ya jiko.

"Nakwenda," akasema. "Nimengoja siku hii. Nikifika penye kaburi la baba yako nitamtazama dereva usoni na nitamwambia lililo moyoni mwangu, lote."

"Mama wee!" Niyonsaba akashika tumbo lake, maana alikuwa mjamzito na mimba ilikuwa kubwa. "Ukimtazama na kumtukana, ndoa imekwisha. Wazee wa kwao watanirudisha. Na mimi niko hivi."

"Utarudi kwangu. Mihogo ipo."

"Nampenda, mama."

"Hayo ni yako," Epifania akasema, akaenda kupanda gari.

Wakamkalisha nyuma, kitandani, pamoja na binti yake. Wazungu walikaa mbele na dereva, na pazia la maua likavutwa katikati ili desturi isivunjike. Safari ikaanza, na maneno ya Epifania yakawa yanapitia kwa Niyonsaba.

"Mwambie dereva apunguze mwendo. Amebeba watu leo, si magunia, ingawa yeye tofauti haijui."

Niyonsaba akapaza sauti, "Mama anasema barabara ni mbaya, pole na kazi."

"Mwambie ananuka petroli."

"Mama anauliza kama petroli inatosha."

"Ego, inatosha," Leonidasi akaitikia kwa Kiha. Hakuwa mjinga. Pazia lilikuwa jembamba na masikio yake yalikuwa mazima.

Jua lilikuwa kali la kabla ya mvua. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulijaa garini, na Mama Visima alikohoa huku akiwaonyesha miti ya miombo iliyokuwa imevaa majani mekundu. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba hata kwao mwezi huu majani ni mekundu, halafu yanakufa yote, yanaanguka, na yeye huwa na huzuni.

"Haya ndiyo kwanza yanaota," Epifania akanung'unika. "Amekuja kulilia vitoto."

Hilo Niyonsaba hakulipeleka mbele.

Mbali kidogo na Busunzu waliacha barabara na kufuata njia ya zamani iliyofunikwa na nyasi. Penye mti mkubwa uliopigwa na radi, Epifania akasema, "Mwambie dereva akunje kushoto." Gari lilikuwa limeshaanza kukunja. Niyonsaba alikuwa hata hajafungua mdomo. Epifania akalitazama pazia kwa muda mrefu, na kuanzia hapo hakutukana tena mpaka walipofika.

Ngurumo ya maji ilisikika kabla ya kuonekana. Njia ikawa nyembamba, kulia mteremko, kushoto mawe, kisha ikafunguka mbele. Epifania aliomba gari lisimame, akashuka kabla ya wengine, akaingia kwenye nyasi peke yake kutafuta nyumba yake.

Hakuiona. Mahali pa migomba palikuwa na vichaka, tembo walikuwa wamepita na kung'oa vilivyobaki. Alizunguka hapa, akazunguka pale, akakanyaga kigae cha chungu ambacho kingeweza kuwa chake au cha jirani. Kaburi la Tharsisi hakulipata. Aliona aibu iliyomchoma kuliko lile jua. Kila siku kwa miaka yote ile alikuwa akilitembelea kwa mawazo, na sasa alikuwa amesimama kwenye uwanja wake mwenyewe kama mgeni.

Nyuma yake akasikia ugomvi. Bwana Visima alikuwa ameona sehemu tambarare inayotazama maporomoko, pekee isiyo na mteremko wala mawe, na alitaka gari likae pale, meza itandazwe, chai ichemshwe. Leonidasi alikuwa amezima injini.

"Endesha. Weka pale," Bwana Visima akasema.

"Hapana, bwana."

"Kwa nini?"

"Pale gari halikai."

"Mimi ndiye ninayekulipa mshahara!"

"Basi usilipe."

Leonidasi akashuka, akaenda kusimama mbele ya ile sehemu, mikono imening'inia, miguu pamoja, kichwa kimeinama. Epifania akamwona. Watu husimama hivyo mahali pamoja tu. Akatazama miguu ya mkwewe, na mbele ya miguu ile, chini ya nyasi, akaliona jiwe jeusi la mtoni, kisha la pili.

Angeweza kufurahi kwamba kaburi limepatikana. Hakufurahi. Yeye mke wa marehemu alikuwa amepotea, lakini huyu, aliyesema hapajui, alikuwa amekuja moja kwa moja mpaka pale. Mahali ambapo hukupaona huwezi kupakumbuka. Mfupa uliokuwa kooni mwake miaka yote ukatoka.

Akajifunua kanga. Niyonsaba alipiga ukelele mdogo, akafunika macho. Epifania akasimama mbele ya Leonidasi, akamtazama usoni.

"Uliliona."

Alipaswa kugeuka, kwa desturi. Hakugeuka. Akavua kofia.

"Nililiona, mama."

"Na kelele zangu?"

"Nilizisikia. Malori mawili yalikuwa nyuma yangu, na mkubwa amekaa pembeni anagonga mlango kwa fimbo. Pa kugeuzia palikuwa hapa tu. Nikasema moyoni, aliyekufa haumii."

"Na mimi nilikuwa nimekufa?"



Niyonsaba akamweleza Bwana Visima kwamba pale ni kaburi la baba yake. Mzungu akasema maneno kwa lugha yao, akapiga teke tairi, akasema basi, geuza, tuondoke. Mkewe alikuwa akirudia "pole, pole" bila kujua anampa nani.

"Haya," Epifania akasema. "Umeambiwa ugeuze. Leo utageuzia wapi?"

"Sigeuzi."

Akaingia garini, akaanza kurudi kinyumenyume, kwenye njia ile nyembamba, kwa mwendo wa kobe, kulia mteremko, kushoto mawe. Epifania akatembea mbele ya gari, uso kwa uso na kioo, na akaufungua mdomo wake. Alimwita mla misiba. Alimwambia alikuja na washenga kunywa pombe kwenye ukoo alioukanyaga. Alimwambia alilala na binti huku akijua alichomfanyia baba yake. Alipokosa Kiswahili alihamia Kiha, na alipochoka Kiha akarudi. Leonidasi hakufunga kioo. Aligeuza shingo nyuma kuangalia njia, akairudisha mbele kumtazama mama mkwe, nyuma, mbele, jasho likimdondoka kidevuni. Wazungu walifuata kwa miguu wakiwa wamenuna. Niyonsaba alitembea nyuma kabisa akilia.

Penye mti wa radi njia ilipanuka. Leonidasi akasimamisha gari, shingo imemkakamaa kama mti. Epifania naye alikuwa amekaukiwa sauti. Niyonsaba akapanda, akatoa kifurushi chake cha nguo, akasimama nacho kando ya njia akingoja kuondoka na mama yake. Alijua desturi, na kila mtu alikuwa ameona.

Epifania akakitazama kifurushi, akalitazama tumbo.

"Kirudishe," akasema.

Akajifunika kanga, akapanda nyuma, akakaa kitandani, na pazia akalivuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwambie mumeo aendeshe," akasema. Niyonsaba akaduwaa, maana neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa mama yake. "Na umwambie sijamsamehe."

Niyonsaba akafungua mdomo kutafuta maneno mengine, matamu zaidi, kama alivyozoea. Safari hii akayaacha.

"Mama anasema uendeshe," akasema kupitia pazia. "Na hajakusamehe."

"Ego," Leonidasi akajibu, akatia gia.